Ngawira ina njaa yake: lori la Mtaliano, bunduki za Tanga, na wanajeshi wanaopigana kwa vyombo vya adui

Spana_Nakuru aliandika:

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni akiwa na chai.

Jumamosi iliyopita hapa gereji Nakuru, vijana wangu walikuwa wamezunguka simu moja wakitazama ile video ya zamani ya trekta la Ukraine likivuta gari la kivita la Warusi barabarani. Mmoja akasema, "Hawa jamaa wameokota mali ya bure." Wenzake wakaitikia. Mimi nilikuwa chini ya lori, nikatoka na grisi hadi viwikoni, kwa sababu hilo neno "bure" nimelisikia miaka yote ya kazi yangu na kila mara limeishia kwa mtu kulia mlangoni kwangu. Mtu ananunua mnadani lori la kigeni kwa bei ya kutupa, miezi mitatu baadaye limesimama juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na nozeli haipatikani Nakuru, Nairobi wala Mombasa.

Ila si hilo hasa lililonifanya niandike. Ni babu.

Babu yangu mzaa baba alitoka Maragoli akaingia KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) kama dereva. Mwaka 1941 alikuwa kwenye msafara ulioingia Somalia na Ethiopia kuwafukuza Wataliano. Kismayu ilishikwa Februari 14, Mogadishu Februari 25. Pale Mogadishu Wataliano waliacha petroli ya magari galoni 350,000 na ya ndege galoni 80,000. Hebu fikiria jeshi lililotoka Mto Tana likivuta kila tone la mafuta nyuma yake jangwani, halafu linakuta ghala kama hilo limejaa. Harar ikaanguka Machi 26, na Aprili 6 wakawa Addis Ababa. Siku 40 kutoka Mogadishu. Babu alikuwa akisema mafuta ya Mtaliano ndiyo yaliyomfukuza Mtaliano.

Petroli haina kabila. Inaingia kwenye Ford bila kuuliza ilitoka kwa nani. Lakini malori yalikuwa kesi nyingine, na hapo ndipo mzee alikuwa akiinua kidole kila anaposimulia.

Waliteka Fiat 634, lori kubwa la dizeli. Akakabidhiwa kijana mmoja ambaye maisha yake yote alikuwa ameendesha magari ya petroli tu, na ghalani petroli ilikuwa tele. Akalijaza petroli. Wenzangu wa gereji mnajua kilichofuata. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa petroli, vyuma vinasagana vikavu. Babu alisema lile lori lilitembea kidogo, likaanza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu, kisha likanyamaza katikati ya barabara na msafara mzima ukasimama nyuma yake.

Wakataka kufungua. Masanduku yao ya vifaa yalikuwa na spana za inchi, za Kiingereza, na nati za Fiat ni za milimita. Spana ya inchi iliyokaribiana na nati ya milimita inashika, lakini inacheza. Ukiikaza kwa hasira inakula kona, na nati inabaki mviringo, haishikiki tena na kitu chochote duniani isipokuwa patasi na nyundo. Walikula nati nne kabla ya sajenti kuwaambia waache.

Aliyelifufua lori lile ni mateka. Dereva wa Kitaliano aliyekuwa ameketi kando ya barabara na wenzake akaonyesha kwa mkono kwamba anajua, akaenda kwenye sanduku lililokuwa chini ya kiti ambalo hakuna aliyekuwa amelifungua, akatoa spana zake mwenyewe zimefungwa kwenye kitambaa. Alifanya kazi siku mbili. Babu alikuwa anamshikia taa.

Maneno ya mzee ninayaandika kama alivyoyasema: "Tulipoteka lori tuliteka chuma. Tulipopata fundi wake ndipo tulipopata lori."

Hoja yangu ni hiyo wadau. Chombo cha adui kinakuja na njaa yake. Kinataka risasi zake, mafuta yake, spana zake na mtu anayekijua, na vyote hivyo viko kwa adui. Ukikitegemea, umejifunga kwenda kumpora tena, na tena. Naendelea hapa chini na Tanga.

Spana_Nakuru aliandika:

Novemba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeanza, Waingereza walileta kikosi kutoka India kuishambulia Tanga, watu kama 8,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Kati ya tarehe 2 na 5 Waingereza walichapwa, wakarudi melini kwa fujo na kuacha mali ufukweni.

Waliacha nini? Bombomu 16 (ndivyo wazee walivyoita bunduki za rashasha), risasi 600,000, simu za vitani, na nguo za kulivisha jeshi la Wajerumani mwaka mzima. Kwa bunduki zilizookotwa pale, kampuni tatu za askari zilipewa silaha mpya.

Ili uone uzito wa jambo hilo, jua walikuwa na nini kabla. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zinazopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linasimama juu ya kichwa chako, na kila mwenye bombomu upande wa pili anajua pa kuelekeza. Mtu anayepewa bunduki isiyotoa moshi amepewa kichaka cha kujificha.

Na hawakuwa na mahali pengine pa kupata. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani. Vita nzima ni meli mbili tu za mizigo zilizopenya kutoka Ujerumani, moja 1915 na nyingine 1916. Ile ya kwanza ilichomwa ikazama karibu na Tanga, wakaopoa risasi zilizolowa maji ya chumvi, wakazifungua moja moja na kuzikausha.

Kwa hiyo kwa miaka minne ghala kuu la jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki lilikuwa jeshi la Waingereza. Nitalirudia hili nikifika mwisho wake, maana mwisho wake unashangaza.

MtotoWaKondele aliandika:

Asante Spana. Mimi niko Kisumu na nataka kuongeza ya kwetu, maana watu wanadhani vita ile ilikuwa ya Tanga na Taita peke yake.

Mwezi Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na KAR waliotumwa kuwakabili walipitia hapa, wakapanda stima hadi Kendu Bay. Na Juni 1915 kikosi cha kwenda kuipiga Bukoba na kuvunja mtambo wake wa redio kilipakiwa kwenye stima za ziwani papa hapa bandarini. Stima hizo hizo ambazo mwaka mmoja kabla zilikuwa zinabeba abiria na mizigo ya biashara.

Halafu kuna Sybil, stima ya Waingereza. Hiyo stima iligonga mwamba Novemba 1914, ikaachwa upande wa Wajerumani kule Majita. Ililala pale hadi Mei 1915 Waingereza walipoifuata na kuivuta. Nauliza: kwa nini watu wahatarishe maisha kwa stima iliyotoboka?

Spana_Nakuru aliandika:

Ndugu wa Kondele, jibu lako liko Ziwa Tanganyika. Desemba 26, 1915 Waingereza wakiwa na maboti mawili madogo, waliyoyavuta nchi kavu kupitia Kongo, waliiteka meli ya Kijerumani iitwayo Kingani. Wakaiziba, wakaibatiza jina jipya, Fifi, na Februari 9, 1916 Fifi ikasaidia kuizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Wiki sita tu kutoka kuwa meli ya adui hadi kuwaua waliokuwa wenye nayo. Ndiyo maana hakuna aliyetaka kuiona Sybil ikirudi na bendera nyingine.

Lakini angalia walichofanya kabla ya kuipeleka vitani. Walifunga mzinga wao mbele yake, mzinga wa ratili 12 (uzito wa bomu lake), wenye mabomu ambayo wao wenyewe walikuwa nayo. Walichukua mwili wa meli na kuupa tumbo lao. Huyo aliyeamua hivyo alifikiri kama fundi.

Chetambe_Juu aliandika:

Mimi wa Webuye. Nimesoma yote na nina neno.

Mnazungumza kana kwamba mambo haya yalianza na Mjerumani. Kwetu Bukusu vita vya 1895 vilitokana na bunduki hizi hizi. Wazee wetu walikuwa wamepata bunduki kutoka kwa watoro wa misafara, serikali iliyokuwa Mumias ikazidai zirudi, askari waliotumwa kuzichukua wakauawa, ndipo Hobley, ofisa wa Kiingereza, akaja na jeshi kubwa, Lumboko kwanza kisha Chetambe. Boma letu lilivunjwa. Ukipanda pale juu leo, handaki lake bado utalikuta.

Na Wanandi jirani zetu walikuwa wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, wanafua silaha na mapambo. Hawakuhitaji risasi za mtu. Sasa Spana, njaa ya ngawira iko wapi hapo?

Spana_Nakuru aliandika:

Mzee wa Chetambe, umenipiga mahali pazuri, na nakushukuru.

Wanandi ndio waliofanya jambo la busara kuliko wote katika uzi huu. Waliuchukua waya wa simu wakaufanya uache kuwa simu. Chuma cha reli kikapita kwenye moto wa mhunzi wao, kikatoka kikiwa kitu ambacho mhunzi huyo anajua kukitengeneza tena kesho. Mnyororo wa kwenda kwa adui ulikatika pale pale kwenye mvukuto. Na adui akabaki bila simu, hasara ambayo ilimuuma kuliko mkuki.

Bunduki ni tofauti. Mhunzi hawezi kufua risasi ya kisasa. Chukua Wazulu pale Isandlwana, Januari 22, 1879. Walilifuta jeshi la Waingereza, wakachukua bunduki za Martini-Henry zipatazo 1,000, mizinga miwili, na risasi mamia ya maelfu. Machi 29 wakazipeleka kwenye vita vya Khambula. Risasi nyingi zilipita juu ya vichwa vya Waingereza. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kile kipimo cha umbali kilicho juu ya mtutu: unakiinua kwa mbali, unakilaza kwa karibu. Ushujaa walikuwa nao wa kugawia dunia nzima. Walikosa mtu wa kukaa nao wiki tatu na kuwaonyesha. Ndiyo yule Mtaliano wa babu na spana zake kwenye kitambaa.

MamaLanet aliandika:

Naomba nami niingie. Nimekaa karibu na kambi ya Lanet miaka mingi, marehemu mume wangu alikuwa mwanajeshi.

Mnasahau Naivasha, na Naivasha ni Kaunti ya Nakuru hii hii yetu. Machi 26, 1953 Mau Mau waliingia kituo cha polisi pale, wakafungua ghala la silaha, wakawatoa wafungwa 173, wakaondoka na bunduki na risasi. Mama mkwe wangu aliishi Kinangop siku hizo. Alikuwa akisema kwamba baada ya Naivasha, tatizo la msituni liligeuka. Kabla yake vijana walilia hawana bunduki, wakawa wanajitengenezea za bomba na komeo la mlango. Baadaye baadhi walikuwa na bunduki nzuri za polisi na wakalia hawana risasi. Wanawake ndio waliotumwa. Risasi mbili kwenye unga, tatu kwenye nywele, moja kwenye nepi ya mtoto. Mama mkwe aliwahi kupitisha moja akiwa ameiweka mdomoni, akasalimiana na askari kwa kutikisa kichwa tu.

Risasi moja, Spana. Na ukikamatwa nayo unanyongwa.

Spana_Nakuru aliandika:

Mama, nimesoma post yako mara tatu, nikaacha kazi kwanza.

Hilo ndilo ninalotaka watu walione. Bunduki moja iliyotekwa usiku mmoja inamhitaji mama wa Kinangop atembee na kifo mdomoni mwezi baada ya mwezi ili ile bunduki iendelee kuwa bunduki. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa Oktoba 1956 alishtakiwa kwa bastola na risasi 6. Sita! Watu wanaiweka ile bastola kwenye hadithi na kuzisahau risasi, lakini mimi nikiona namba hiyo naona watu wengi sana nyuma yake.

Msafiri_Busia aliandika:

Swali la mtu asiyejua: risasi si risasi? Kwa nini isiingie tu?

Spana_Nakuru aliandika:

Swali zuri, usione haya kuliuliza.

Chukua bunduki mbili za vita ile ya kwanza. Lee-Enfield ya Mwingereza na Mauser ya Mjerumani. Mitutu yake ukiitazama kwa macho utasema ni sawa. Lakini kitako cha risasi ya Lee-Enfield kina ukingo unaotokeza pembeni, kama kofia ya msumari. Cha Mauser hakina; kimechongwa mfereji badala yake. Ile chuma inayovuta ganda tupu litoke imetengenezwa kushika kimoja na si kingine. Urefu tofauti, mabega ya ganda tofauti. Kwa hiyo haiingii, na ikilazimishwa itakuumiza wewe kabla ya adui.

Sasa fikiria jeshi la Lettow-Vorbeck lenye Mauser za Kijerumani, bunduki za 1871, za Kiingereza, na baadaye za Kireno. Kila aina na sanduku lake, na kila sanduku liko juu ya kichwa cha mtu. Mpagazi alibeba kama kilo 25. Wapagazi wa pande zote mbili walikuwa watu wetu. Upande wa Waingereza walichukuliwa kwa maelfu kutoka huku Nyanza, na jina la kikosi chao ndilo lililobaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Sanduku likikosewa, likafika la Mauser kwa kampuni yenye Lee-Enfield, mtu ametembea siku nne na kilo 25 kichwani kupeleka vyuma visivyo na kazi. Hesabu za vitabuni hazimtaji huyo.

Nchi tajiri ina njia nyingine. Mwaka 1941 Wajerumani waliteka mizinga mingi ya Kisovieti ya milimita 76.2 ambayo ilikuwa mizuri sana. Mwanzoni waliilisha mabomu yaliyotekwa pamoja nayo. Walipoona yataisha, wakaipeleka kiwandani, wakachimba upya chumba cha bomu kiingie ganda la Kijerumani, wakaanza kuyatengeneza mabomu yake wenyewe. Ni kile kile alichofanya mhunzi wa Kinandi, kwa mashine kubwa zaidi. Ukiweza kukipitisha kitu kwenye moto wako, kimekuwa chako. Usipoweza, umekiazima tu.

Chetambe_Juu aliandika:

Nakubali la mhunzi. Lakini basi hao wa Ukraine, vijana wako walikosea nini? Wanavitumia vifaru vya Warusi kweli, hilo haliwezi kukanushwa.

Spana_Nakuru aliandika:

Hapo mzee nilipaswa kuwaomba vijana radhi, na nimewaomba. Ukraine ni kesi ya pekee. Mzinga wa kifaru cha T-72 cha Mrusi ni wa milimita 125, na vifaru vya Ukraine vya asili ya Kisovieti navyo ni 125. Kharkiv, mji wa Ukraine, ndiko vifaru vya T-64 vilikotengenezwa. Mafundi wao walizaliwa na vyuma hivyo. Kifaru kikivutwa na trekta hadi gereji, spana inayokisubiri ni ya milimita ile ile. Kwao ilikuwa karibu kabisa na bure, kwa sababu matumbo ni mamoja.

Wakabaki na tatizo la pili, ambalo ni la kuogopesha zaidi. Kifaru kikifanana na cha adui, mwenzako atakupiga. Warusi walipaka Z, Waukraine wakapaka misalaba myeupe. Finland miaka ya 1940 ilikuwa hivyo hivyo, vifaru vyao vingi vilikuwa vya Kisovieti vilivyotekwa, wakalazimika kuchora alama kubwa ubavuni ili wasiuane wao kwa wao.

MamaLanet aliandika:

Mume wangu alinifundisha kutofautisha bunduki kwa mlio. Nadhani hata gizani mwanajeshi hujibu mlio.

Spana_Nakuru aliandika:

Kweli mama. Kule Vietnam mwanajeshi wa Marekani aliyeokota AK, bunduki ya adui, alikuwa hatarini kwa sababu hiyo: wenzake wakiisikia wanapiga upande ule bila kuangalia. Na kulikuwa na jambo baya kuliko hilo. Wamarekani wenyewe walitengeneza risasi za AK zilizojazwa kilipuzi badala ya baruti, wakazitia moja moja kwenye maghala ya adui msituni. Ukifyatua, bunduki inakupasukia usoni. Halafu ikawabidi wawaonye askari wao wasitumie AK za kuokota, maana ile moja haina alama. Mtu anayeweza kukulisha anaweza kukulisha sumu.

Sasa narudi kwa Lettow-Vorbeck kama nilivyoahidi.

Novemba 1917 alikuwa amebanwa kusini kabisa, karibu na Mto Ruvuma. Risasi zilikuwa zinamwishia. Aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akawapunguza watu wake hadi Wajerumani kama 300 na askari kama 1,700, pamoja na wapagazi, akavuka kuingia Msumbiji. Novemba 25 akaikuta ngome ya Wareno pale Ngomano. Akaishambulia siku hiyo hiyo, si kwa sababu Ngomano ilikuwa na maana yoyote katika vita ya dunia, bali kwa sababu ilikuwa na chakula cha bunduki. Alitoka na risasi 250,000, bombomu 6, dawa, na bunduki za kuwatosha askari wake. Zile za zamani walizitupa.

Mwenzake Tafel, aliyekuwa akimfuata na kikosi kingine, hakupata ngome ya kupora. Siku chache baadaye njaa ikamsalimisha.

Kuanzia hapo soma ramani ya safari ya Lettow-Vorbeck na utaona anakwenda ghala hadi ghala. Julai 1918 alikuwa Nhamacurra, mbali sana kusini, akaiteka na kupata tena silaha na vyakula. Watu humsifu kwamba hakushindwa. Mimi namwona mtu asiyeweza kusimama. Kila ushindi ulimnunulia miezi michache, na ukamlazimisha kutafuta mwingine, na vijiji vyote alivyopita vilikuwa vimeliwa. Waafrika waliokufa kwa njaa na maradhi katika safari ile hawakuwa na ugomvi na yeyote.

Alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano. Vyombo alivyoweka chini vilihesabiwa: mzinga mmoja wa Kireno. Bombomu 37, na 30 kati yake za Kiingereza. Bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno.

Mjumlishie mwenyewe. Ukiacha zile bombomu saba zilizobaki, jeshi la mwisho la Kaizari uwanjani halikuwa na bunduki hata moja ya Kijerumani ya kusalimisha. Waingereza walikuwa wanarudishiwa mali yao.

MtotoWaKondele aliandika:

Nimesisimka. Swali la mwisho basi: kisheria ni ya nani? Askari akiteka kitu kinakuwa chake?

Spana_Nakuru aliandika:

Hapana. Kwa sheria za vita, kitu cha jeshi la adui kilichotekwa uwanjani ni mali ya serikali iliyokiteka, wala si ya askari aliyekiokota. Bendera na sare za adui huruhusiwi kupigana umezivaa; Desemba 1944 Wajerumani waliokamatwa Ardennes, huko Ubelgiji, wakiwa na sare za Kimarekani walipigwa risasi. Na mateka, tangu Mkataba wa Geneva wa 1929, anaachiwa vitu vyake mwenyewe. Pete, saa, picha ya mkewe, hata kofia ya chuma.

Hili limenikaa moyoni kwa sababu ya chupa.

Babu alirudi na chupa ya maji ya jeshi la Italia, ya alumini, imevishwa kitambaa kizito cha sufu chenye rangi ya vumbi. Chini ya kitako mtu amekwaruza kwa ncha ya kisu herufi mbili, G na B. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama alimnyang'anya mtu. Alikasirika kweli. Akasema ni yule fundi wa Fiat aliyempa, siku ya pili jioni injini ilipowaka, na yeye akampa sigara zake zote. Baadaye mateka wakapelekwa, wengine wakaletwa huku kwetu Bonde la Ufa; kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu kando ya barabara ni kazi yao, 1942. Kila tulipopita pale babu akiwa hai alinitaka nipunguze mwendo.

MamaLanet aliandika:

Chupa bado iko, mwanangu?

Spana_Nakuru aliandika:

Iko mama, kwa mama yangu Maragoli, juu ya kabati. Bibi aliitumia kubebea mafuta ya taa, kwa hiyo bado inanuka. Kitambaa kimeliwa na nondo upande mmoja. Kifuniko chake kilipotea huko huko Ethiopia, na mzee alisema alijaribu vya Mwingereza vyote alivyopata, hakuna kilichokaa. Akachonga gunzi la hindi. Linalowa, linavimba, linaziba vizuri, halafu likioza unachonga lingine. Desemba nikienda nitapiga picha niilete hapa, na gunzi jipya nitachonga mwenyewe.